Ungo wa Shule: Jinsi Watoto Walivyogawanywa kwa Masomo Tangu 1909

Taarifa hii ya mwaka hubeba hesabu za fedha na habari za kazi za Chama, na baada yake hufuata kurasa chache za historia. Safari hii Kamati imeniagiza mimi, karani wake, niandike juu ya jambo linalozungumzwa katika nyumba nyingi za Huruma tangu Januari 2026, watoto wa kwanza walipoingia Gredi ya 10 na kugawanywa katika njia tatu za masomo. Wazazi huuliza kama mgawanyo huu ni kitu kigeni. Si kigeni. Umri wake umepita miaka 100, na kila mara ulipoletwa ulikuja na sababu nzuri mdomoni. Yafaa tuzitazame sababu hizo, kwa kuwa katika Mkutano Mkuu ujao tutaulizwa juu ya kanuni ya basari, inayosema kwamba fedha zetu hupewa kwanza wenye alama za juu. Kanuni hiyo ni ungo wetu wenyewe, nasi twapepeta nao kila mwaka.

Tuanze na 1909. Mwaka huo Serikali ya Protektoreti ilipata ushauri wa Profesa Nelson Fraser, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya elimu Bombay katika Bara Hindi. Alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wawe na shule mbalimbali, na kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911, nayo ikafuata njia hiyo. Hapakuwa na mtu aliyemkalisha mtoto wa Kiafrika na kumpima, apate kujua kama kipawa chake ni cha hesabu au cha randa. Ngozi yake ilikuwa imekwisha kumjibia.

Miaka 15 baadaye ilikuja tume kutoka Marekani, ile ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 chini ya Dk. Thomas Jesse Jones. Ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilisema kwa adabu zaidi yale ambayo Fraser aliyasema wazi: elimu ya Mwafrika iambatane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya, nyumba bora na ufundi. Hapo Kabete ikawa makao ya elimu ya namna hiyo. Chuo cha serikali cha kufundisha mafundi kilikuwa kimefunguliwa huko mwaka 1924, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kabete. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes, ya kuwafundisha walimu watakaozunguka vijijini.

Wazee wetu hawakuichukia kazi ya mikono. Watu waliojijengea nyumba zao na kulima mashamba yao hawangeweza kuidharau randa na jembe. Walichokiona ni mshahara. Aliyejua Kiingereza na hesabu alikaa mezani akalipwa zaidi ya aliyejenga ile meza. Tena waliona kwamba kijana wa Kizungu aliyeingia Shule ya Prince of Wales, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, hakuambiwa kwamba vitabu havimfai kwa kuwa kwao ni wakulima, ingawa baba yake huenda alikuwa mkulima kweli. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kuwekwa katika njia ya ufundi hakuwa na daraja la kumrudisha upande wa pili. Mtu aliweza kuwa fundi hodari kupita wote, lakini mlango wa chuo kikuu haukumjua.

Ndiyo sababu watu walijenga shule zao wenyewe. Chama cha shule huru za Wakikuyu na kile cha Karing'a vilisimamisha madarasa kwa michango ya kuku, mbuzi na shilingi, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri chini ya Bwana Peter Mbiyu Koinange. Shule hizo zilitaka Kiingereza mapema, na zilitaka mtoto asomeshwe mpaka mwisho wa uwezo wake. Nyingi zilifungwa na Serikali kuanzia 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa.

Upande wa misheni, Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Yafaa kukumbuka kwamba hata Alliance mwanzoni ilikuwa na masomo ya ualimu na ya kazi nyingine kando ya yale ya vitabuni. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya Cheti cha Cambridge kushika nafasi ya mbele, na yale mengine yakasogea ukutani. Shule ya wasichana ya Alliance ilikuja mwaka 1948, yaani miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Nalitaja jambo hili kwa kuwa tunapozungumza habari za vipawa mbalimbali twasahau kwamba nusu ya watoto wa nchi hawakufika hata kwenye ungo.

Sasa twafika kwenye ungo ambao wazee wengi wa Chama waliusikia kwa masikio yao, au waliusikia kwa baba zao. Mwaka 1949 ilitolewa taarifa ya kamati ya Kasisi Leonard Beecher, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu. Taarifa hiyo iliigawa elimu ya Mwafrika katika mafungu matatu: miaka minne ya shule ya msingi, miaka minne ya shule ya kati, na miaka minne ya sekondari. Kati ya fungu na fungu paliwekwa mtihani. Mtoto aliyeshindwa mwishoni mwa mwaka wa nne alirudi nyumbani, naye bado ni mdogo hata kuchunga ng'ombe peke yake hajaaminiwa. Waliobaki walikwenda mpaka darasa la nane wakafanya mtihani ulioitwa KAPE, na hapo wengi wakaanguka tena.

Watu walilalamika sana juu ya mpango wa Beecher, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Hata hivyo nataka tuangalie kwa makini ubaya wake ulikuwa wapi. Mtihani wenyewe haukuwa mwepesi wala wa udanganyifu. Aliyeshinda alikuwa mwerevu kweli. Ubaya ni kwamba idadi ya washindi iliwekwa kabla mtihani haujaandikwa, kwa kuhesabu madawati yaliyokuwapo. Madawati yakiwa 30, watoto 30 wana akili. Yakiwa 40 mwaka unaofuata, akili zimeongezeka kwa 10. Mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000, ambapo watoto wa shule za msingi walikaribia 900,000. Mtu hawezi kuitazama hesabu hiyo na kusema kwamba wale wengine wote walikuwa wazito wa kufahamu.

Hapa niwaombe ruhusa nisimame kidogo kwa majirani zetu, kwa kuwa Eastlands ina habari mbili ambazo vitabu vya elimu huzipita haraka.

Ya kwanza ni ya Starehe. Tarehe 14 Novemba 1959 Bwana Geoffrey Griffin, pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu, walifungua kituo cha wavulana katika vibanda viwili vya mabati, mwendo wa miguu tu kutoka Pumwani. Wavulana walikuwa wa mitaani, wengine wameachwa yatima na vita vya Hali ya Hatari. Kwa ungo wa wakati ule, hao walikuwa wamekwisha kuanguka chini hata kabla ya kupepetwa. Kituo kiliwapa chakula kwanza, kisha masomo. Hakikuwatenganisha wenye karo na wasio nayo, bali kiliwaweka katika bweni moja, kila mmoja akalipa kwa kadiri ya uwezo wa nyumbani kwake, na asiye na kitu asilipe. Kikajenga madarasa ya vitabu, na kando yake kikajenga chuo cha ufundi, vyote ndani ya ua mmoja chini ya mkuu mmoja. Katika miaka iliyofuata shule hiyo ya watoto wa mitaani ikawa miongoni mwa shule zilizoongoza nchi nzima katika mitihani, na Bwana Griffin aliisimamia mpaka alipofariki mwaka 2005. Wakati mwingine nikisikia mtu akisema kwamba watoto wa huku kwetu hawana akili ya shule, humwuliza kama amepata kupita Starehe.

Ya pili ni ya Bwana Edward Carey Francis. Alikuwa mtaalamu wa hesabu wa Cambridge, akaacha kazi yake huko na kuja Maseno mwaka 1928, kisha akawa mkuu wa Alliance tangu 1940 mpaka 1962. Wanafunzi wake wengi walikuja kuwa mawaziri, majaji na maprofesa. Alipostaafu, wengi walidhani atarudi kwao Uingereza, lakini yeye alikuja Pumwani, katika shule ya sekondari ya mtaa wa watu wa kazi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine mpaka alipofariki mwaka 1966. Kwa miaka 22 alifundisha vijana waliochujwa kutoka nchi nzima, walio bora kupita wote; kisha akamaliza maisha yake na wale ambao ungo huohuo uliwapitisha upande mwingine. Hakuacha kutufundisha hesabu kwa sababu ya mtaa tuliokaa.

Huruma wakati huo haikuwapo. Mtaa wetu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, baada ya Pumwani, Kaloleni, Bahati na Makadara kuwa mitaa ya wazee. Tulizaliwa, kama mtaa, katika wakati wa mpango wa Tume ya Ominde, na ni vema tuijue.

Tume hiyo, chini ya Profesa Simeon Ominde, ilitoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964. Iliondoa shule za rangi na mitihani ya rangi, ikaweka mpango mmoja wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya juu na mitatu ya chuo kikuu. Hilo lilikuwa tendo kubwa, wala sitaki mtu alipunguze. Lakini ungo wa rangi ulipotupwa, ungo wa mfuko uliingia bila kupigiwa hodi. Serikali haikuweza kujenga shule za kutosha, basi wananchi walijenga zao za Harambee. Shule zikawa za ngazi: zile zilizorithiwa kutoka kwa Wazungu na misheni, zenye maabara na maktaba, zile zilizosaidiwa na Serikali kidogo, na za Harambee, zenye chaki na mwalimu mmoja wa sayansi, kama yupo. Zote zilifanya mtihani mmoja siku moja. Majibu yalipotoka, tulisema mtoto fulani ana akili na fulani hana.

Swali la waliobaki nje liliulizwa kwa sauti mwaka 1966, Baraza la Makanisa ya Kikristo lilipotoa taarifa iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Kutokana nayo vilianzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vya useremala, uashi, ushonaji na kilimo. Wazo lilikuwa jema. Lakini vyuo hivyo viliwekwa viwe mahali pa walioanguka. Mzazi aliyempeleka mwanawe huko alijihisi kama mtu anayekwenda kutoa rambirambi. Fedha nazo zilifuata heshima: palipokosekana heshima, vyombo vilikuwa vichache na nyundo moja ilizungushwa mkononi mwa watu kumi.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari huko zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mwanafunzi wa mchepuo alisoma masomo ya kawaida pamoja na ya mchepuo wake, wala hakutolewa katika sekondari ili ajifunze ufundi. Hapo twaona tofauti na mpango wetu, ambapo ufundi ulianza pale sekondari ilipokataa.

Hata Uingereza, tuliyoiga, ilipata kujikwaa hapohapo. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1944 ilifungua sekondari kwa watoto wote, nao wakaweka mtihani katika umri wa miaka 11 na aina tatu za shule: za wasomi, za ufundi, na za watoto wengine wote. Ilisemwa kwamba zote zitaheshimiwa sawa. Shule za ufundi zilijengwa chache sana, kwa hiyo zikabaki mbili tu, ya waliofaulu na ya walioanguka. Kuanzia 1965 serikali yao iliwataka wakuu wa elimu wa wilaya wazichanganye.

Mfumo wa 8-4-4 ulitokana na taarifa ya Profesa Colin Mackay ya mwaka 1981, ukaanza Januari 1985. Wale tuliosoma chini yake huusema vibaya, lakini tuseme haki: kati ya mipango yote ndio uliokataa kabisa kuwagawa watoto. Kila mtoto angefundishwa vitabu, na kila mtoto angefundishwa kushona, kupika, kulima, kuchora, kuimba na kuchonga mbao. Ilikuwa ndoto ya watu wenye moyo. Shida ilikuwa karakana. Wazazi waliamriwa wajenge kwa michango, na palipokuwa na wazazi maskini karakana ilibaki msingi wa mawe wenye majani. Halafu ukaja mtihani. Katika KCPE masomo ya sanaa, ufundi na muziki yalipimwa kwa maswali yenye majibu manne, na mtoto akachora kistari kwa penseli juu ya jibu moja. Mtu aliweza kupata alama nzuri za ushonaji bila kushika sindano. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo hayo yalitoka katika mtihani huo, na karakana nyingi zikageuzwa ghala au darasa.

Ndani ya sekondari zenyewe palikuwa na ungo mdogo ambao sheria haikuuandika. Mimi nilisoma katika shule ya misheni, nayo ilitugawa kwa alama katika madarasa matatu ya kidato kimoja. Darasa la kwanza lilifundishwa na walimu wazoefu, likawa na zamu mbili za maabara kwa juma. Darasa la tatu lilipewa walimu wageni, na zamu ya maabara ilipofika ufunguo ulikuwa haupatikani. Mwisho wa miaka minne darasa la tatu lilianguka fizikia kama ilivyotazamiwa, na hilo likatajwa kuwa ushahidi kwamba mgawanyo ulikuwa wa haki. Sina kinyongo, padri aliyetufundisha Kiswahili alikuwa mtu wa Mungu, na kalamu hii ni yake. Nataka tu ijulikane kwamba mtoto akigawiwa kidogo, hutoa kidogo.

Miaka ya karibuni wanachama waijua, basi nitaipita kwa haraka. Shule ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, nazo zikafika 22,244 mwaka 2018, mwaka ambao iliamriwa kila aliyefanya KCPE aingie kidato cha kwanza. Hapo ungo wa madawati uliovuma tangu Beecher uliwekwa chini kwa mara ya kwanza. Lakini ngazi za shule zilibaki. Shule za kitaifa, zilizokuwa chache mpaka 2011, ziliongezwa zikapita 100. Na chini yake za kaunti na za wilaya, ambako mtoto wa Huruma mwenye alama za kati huangukia. Wala tusisahau kwamba katika Mathare yetu, na hapa Huruma, watoto wengi hawakusoma katika shule ya Serikali hata siku moja, bali katika shule ndogo za makanisa na za watu binafsi, kwa kuwa za Serikali hazitoshi.

Mtaala mpya wa umilisi ulitangazwa mwaka 2017. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mwaka huohuo watoto wa kwanza waliingia sekondari ya chini. Mwishoni mwa 2025 hao watoto, zaidi ya milioni moja, walifanya mtihani wa Gredi ya 9. Alama za kuwapangia shule zilitoka mahali patatu: mtihani huo asilimia 60, kazi zilizopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20. Kisha kila mmoja akapewa njia moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara ilitazamia kwamba asilimia 60 wataingia ya kwanza, 25 ya pili na 15 ya tatu. Palikuwa na ubishi mkali hesabu ilipofanywa kuwa somo la hiari, na mwaka 2025 Wizara ikakubali kwamba kila mwanafunzi ataisoma, ila walio nje ya njia ya sayansi wawe na hesabu yao nyepesi zaidi. Nafurahi kwa hilo. Hesabu ndiyo daraja ambalo mtoto wa randa wa 1924 hakupewa.

Wenye ulemavu pia wamewekewa njia yao. Hao wana historia ndefu: shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ikaonyesha kwamba mtoto aliyedhaniwa hawezi kitu huweza akipewa kitabu cha nukta na mwalimu aijuaye. Mtaala mpya una ngazi za watoto wasioweza kufuata masomo kwa umri, wanaopanda kwa hatua mpaka masomo ya kazi. Ni jambo jema, iwapo walimu wake watapatikana, kwani darasa moja la namna hiyo hudai watu wengi na vyombo vingi.

Sasa nisemeje juu ya mgawanyo huu wa karibuni? Kwa maoni yangu unazidi yote iliyotangulia kwa jambo moja, nalo ni kwamba unamwuliza mtoto anapenda nini. Fraser hakuuliza, wala Beecher. Lakini shule si zote zina njia tatu. Nyingine zina mbili. Mtoto wa Huruma mwenye kipawa cha muziki, ambaye wazazi wake hawawezi karo ya bweni wala nauli ya mbali, atachagua kutoka kwa kile kilichopo karibu. Na yule mwenye kipawa cha sayansi ataingia njia ya sayansi, huenda katika shule ambayo maabara yake ni kabati. Kwa jina wote wamefuata vipawa vyao.

Juu ya njia ya tatu, inayochekwa sana, wanachama watazame nyumbani. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 na watoto waliocheza mpira wa makaratasi, wakafagia takataka za mtaa ili wapate pointi katika ligi. Kiliwalipia karo vijana waliojitolea kwa kazi za jamii, fedha zikipelekwa shuleni moja kwa moja. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi ya Kenya. Vijana hao hawakuwa pumba. Vivyo hivyo tuitazame Kariobangi, kwenye karakana za watu wa jua kali: vitanda, milango na mashine tunazotumia kila siku hutengenezwa pale na watu ambao wengi wao waliitwa walioanguka.

Kanuni yetu ya basari iliandikwa wakati wa KCPE, ilipokuwa na jumla moja ya alama kwa kila mtoto na mtu aliweza kuwapanga watoto kama namba za nyumba. Jumla hiyo haipo tena. Mtoto wa leo huja na karatasi yenye viwango vya kila somo, na kiwango cha juu katika muziki hakilinganishwi na kiwango cha juu katika kemia. Kamati kwa hiyo italeta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo kwamba fungu la basari litengwe kwa kila moja ya njia tatu na kwa ngazi za wenye ulemavu; kwamba anayeomba aseme shule yake ina nini na inakosa nini; na kwamba sehemu ya fedha iruhusiwe kununua vyombo, iwe ni randa, gitaa au vifaa vya maabara, pale ambapo karo si tatizo kubwa kuliko vyombo. Wapo wazee wanaoona kwamba fedha zetu ni chache na zisitawanywe, nao wana hoja inayostahili kusikilizwa kwa heshima. Mapendekezo mengine yaandikwe na kufikishwa kwa Katibu kabla ya siku ya mkutano. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027, na wa kwanza wa njia tatu watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, kwa hiyo katika muda huo basari zetu zitahitajika pande zote mbili kwa wakati mmoja.